Sura ya Tisa: Herufi G Isiyozama

Harufu ya hotipoti ya Fredrick ilitangulia kuingia kituoni, Fredrick mwenyewe akafuata. Konstebo Lusungu aliinusa kutoka kwenye benchi, akafumba macho kama mtu anayesikiliza kwaya.

"Leo ni ndizi na utumbo," alisema. "Huyu mahabusu wetu anakula kuliko mkuu wa kituo."

"Funga mdomo, mate yanadondokea jalada," Sajini Raudha alimjibu.

Fredrick aliweka hotipoti kaunta. Alikuwa kijana mrefu, ovaroli imefuliwa, nywele zimechongwa pembeni kama anakwenda kupiga picha ya pasipoti. Alikuwa hajakosa hata siku moja tangu fundi mwenzake wa kibandani, Gozbert, awekwe ndani. Sheria ya kaunta inajulikana: mleta chakula anaonja kwanza, askari akiwa anamtazama. Siku ya kwanza Fredrick alipoinua kijiko, Gozbert alipaza sauti kutoka nyuma ya nondo, "Muacheni huyo! Huyo ni ndugu yangu, aniwekee sumu ili iweje?" Mahabusu wakacheka, askari wakacheka, na kuanzia hapo kijiko cha kuonjea kikapata likizo.

"Sista Raudha, ni kweli kesho anapelekwa mahakamani?" Fredrick aliuliza.

"Kesho asubuhi."

"Mungu amsaidie. Mie nilichokuwa nakijua nimeshaandika."

Ni kweli alikuwa ameandika. Maelezo yake yalikuwa mafupi na yamenyooka kama rula: majiko mawili ya gesi ya Zuena, mpishi wa pilau za harusi, yalitengenezwa na Gozbert, yakapigwa muhuri wa Gozbert, yakatoka mkononi mwa Gozbert moja kwa moja kwenda kwa Zuena. Jumapili, kwenye harusi huko Kawe, jiko moja likatema moto. Zuena akaungua kuanzia kifuani hadi vidoleni. Na kwenye bomba la jiko hilo palikuwa na herufi G, imegongwa kwenye chuma chenyewe, haifutiki kwa kitambaa wala kwa wakili.

Raudha alikuwa ametoka hospitali asubuhi hiyo. Zuena alikuwa anaingizwa tena chumba cha upasuaji, na kwa mara ya kwanza aliweza kunong'ona. Maneno yenyewe yalikuwa machache: "Moto ulitokea ubavuni, mwanangu. Juu ulikuwa unawaka vizuri tu." Kisha wakamsukuma ndani. Daktari hakuahidi kitu. Akitoka salama, Gozbert ana kesi ya uzembe. Asipotoka, Gozbert ana kesi ya kuua.

"Lusungu, mtoe Gozbert," Raudha alisema. "Na niletee lile bomba."

"Ale kwanza au aulizwe kwanza?"

"Aulizwe. Na wewe kaa mbali na hiyo hotipoti."

*

Gozbert alikuwa na kichwa kilichonyolewa upara kwa ajili ya msiba. Walimkamatia stendi, akishuka basi la kutoka Bukoba, begi bado liko begani. Alikuwa ametoka Muleba kumzika mama yake, akaja kupokelewa na pingu.

Raudha alitoa bomba kwenye mfuko wa vielelezo, akaliweka mezani. Lilikuwa bomba la kopa, ile shaba nyekundu, urefu wa mkono, limepakwa rangi nyekundu. Upande mmoja liliungwa kwenye valvu, upande wa pili lilikuwa limeungwa kwenye kichwa cha jiko. Upande huo wa pili ndio ulioachia.

Gozbert aliligeuza mara moja tu.

"Nani kaunga hapa?"

"Ndicho tunachokuuliza wewe."

"Huku kwenye valvu ni mie. Huku kwingine simjui."

"Kuna G huku na G huku."

"Afande, pitisha ukucha. G ya kwenye valvu. Haya, sasa hii nyingine."

Raudha alipitisha. G ya kwanza ilinasa ukucha. Ya pili ukucha uliteleza juu yake, kama imechorwa kwa penseli.

"Kazi yangu ni kubrezi," Gozbert alisema. "Naunga kwa fimbo ya shaba ya njano na moto wa gesi. Ili ile fimbo iyeyuke, kopa lazima kwanza iwe nyekundu kama kaa. Sasa kopa ikishapikwa hivyo inalainika, ndiyo tabia yake. Halafu nagonga muhuri wangu, unazama. Huku kwingine kopa haijalainika. Bado ngumu kama ilivyotoka dukani. Maana yake haikuonja moto wa gesi."

"Ilionja moto gani?"

"Angalia rangi ya kiungo. Yangu njano, pale rangi ilipobanduka. Hii nyeupe, ina utelezi kama kamasi lililokauka. Hiyo ni risasi."

Lusungu, aliyekuwa ameegemea mlango, alishika mkanda wake.

"Risasi ya redio, afande. Ya kuungia waya. Inayeyuka kwenye joto la mafuta ya chipsi tu. Ukiunga ndoo ya maji, sawa. Ukiunga redio, sawa. Ukiunga bomba lililokaa ubavuni mwa moto wa pilau ya watu mia tatu, umetega bomu. Likiwa baridi linashika vizuri tu, hata ulitingishe. Likipata moto, linakuaga."

Raudha alisogeza kiti karibu na meza.

"Au ulikuwa na haraka ya msiba," alisema. "Simu imekuja mama amefariki, gesi inachukua muda, ukaunga kwa risasi, ukagonga muhuri kidogo kidogo ukakimbilia basi. Mtu ana mawazo, inatokea."

"Nililala kibandani kwa ajili ya majiko haya. Niliyamaliza Alhamisi usiku, nikapaka rangi, Ijumaa alfajiri nikapanda basi. Hiyo rangi ndiyo inanisemea. Angalia ilipoishia."

Raudha aliinama. Rangi nyekundu ilikuwa imefika hadi ukingoni mwa kiungo kile cheupe, inang'aa, haina hata kovu.

"Brezi inaunguza rangi kiganja kizima," Gozbert alisema. "Ndiyo maana mie napaka mwisho kabisa. Na angalia, chini ya ukingo wa hiyo risasi kuna wekundu wa rangi yangu. Risasi imekaa juu ya rangi. Huyo mtu alikuta nimeshamaliza, akakata ncha yenye kiungo changu, akaunga upya."

Raudha aliangalia tena, akatoa simu, akapiga picha ya pale pale. Kalamu yake iliacha kuchorachora pembeni mwa karatasi.

"Nani ana risasi karibu na kibanda chako?"

"Salumu. Fundi spika, ukuta wa pili. Tumegombana mpaka kwa mjumbe. Anapiga singeli kutwa, nyundo yangu mwenyewe siisikii."

"Na Fredrick?"

Gozbert alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu akamatwe.

"Fredi? Afande, Fredi nimemtoa kwenye kupiga debe. Brezi nimemfundisha mie kwa mkono huu. Jumamosi tunashusha jeneza, mtu wa kwanza nilimpigia Fredi. Alilia kwenye simu kuliko wajomba zangu. Kamateni Salumu, acheni utani."

*

Kibanda cha Salumu kule Tandika kilikuwa na spika kubwa kuliko mlango wake. Namna alivyoiingiza ndani ni upelelezi mwingine kabisa. Singeli ilikuwa inapiga kiasi kwamba Lusungu alianza kutikisa bega kabla hajakumbuka kuwa yuko kazini.

"Zima!" Raudha alipiga kelele.

"Nini?"

"ZIMA!"

Salumu alizima. Mtaa mzima ukashtuka kwa ukimya.

"Karibu sista. Redio au subwufa?"

Raudha alionyesha kitambulisho.

"Eeh. Basi si redio." Salumu alifuta mikono kwenye suruali. "Kama ni kelele, mjumbe alishaniruhusu mpaka saa mbili."

"Ni risasi."

"Mie? Sijawahi kushika bunduki hata ya sherehe!"

"Ya kuungia, Salumu."

"Aa! Sema hivyo basi, sista, nilishaanza kumwita mama." Alivuta droo, akatoa kijirundo cha waya mweupe laini na kile chuma chake cha kuyeyushia, mpini umefungwa plasta. "Hii hapa. Imefanya nini?"

"Nani mwingine anaitumia?"

"Hakuna. Mie simwazimi mtu. Labda Fredi, mara moja. Jirani, utamnyimaje?"

Lusungu aliacha kuikagua spika.

"Mara moja lini?" Raudha aliuliza.

"Jumamosi asubuhi, ile Gozbert kaenda kuzika. Sikiliza nikupe mkanda mzima. Ijumaa mchana lilikuja guta la mizigo kuchukua yale majiko mekundu ya mama wa pilau. Kijana wa guta kayapanga kama anapanga nyanya. Kasogea pale, shimoni, tuu! Majiko chini yote mawili, mabomba yameng'oka kichwani. Nilicheka mpaka nikaona aibu. Fredi kamwambia njoo kesho. Kesho yake asubuhi yupo mlangoni kwangu, anaomba risasi na hiki chuma. Namuuliza unaunga nini? Kaniambia redio ya shemeji."

"Ukamwamini."

"Sista, mtu akisema redio mie namwamini, ndiyo kazi yangu! Hata ile sandarusi ya kuifanya risasi ishike ilikuwa imeniishia, nikamkatia kipande cha ubani wa bi mkubwa. Utomvu ni utomvu tu. Unashika vizuri, ila redio inanukia kama hitima."

"Kwa nini asitumie gesi? Kibanda chao si kina gesi?"

"Gesi ipo wapi? Ijumaa asubuhi, basi la Gozbert hata Chalinze halijafika, Fredi kaupakia mtungi kwenye bodaboda na tochi yake ya kutolea moto. Nikamuuliza vipi, mnahama? Akasema naupeleka kujaza." Salumu alitoa simu, akatafuta kwa kidole gumba. "Mie nikajua unajazwa. Kumbe unajazwa Boko. Mtu mwenyewe kaposti, wala hajafuta."

Kwenye picha, Fredrick alikuwa amechuchumaa juu ya paa la ghorofa jipya, miwani ya jua usoni, anaunga mabomba ya viyoyozi. Tochi ya gesi mkononi mwake ilikuwa na mpini uliosokotwa kitambaa cha kanga, chenye mistari ya kijani na njano. Chini yake ameandika: "Boko tupo kazini. Fredi Kiyoyozi, ofisi mpya. Bosi ni mie." Ilikuwa Jumamosi, saa saba na kitu mchana.

"Hiyo kanga?" Raudha aliuliza.

Salumu aliipunguza sauti, ingawa redio ilikuwa imezimwa.

"Hiyo ya mama yake Gozbert. Alipokuja kumtembelea mwanaye aliona mpini unamuunguza, akachana kanga yake mwenyewe, akamfungia."

Lusungu alifungua mdomo kusema kitu cha kuchekesha. Akaufunga.

*

Maneno ya jirani mwenye ugomvi wa singeli hayatoshi kumtoa mtu mahabusu. Raudha alijua hivyo. Lakini lilikuwepo jiko la pili, lile ambalo Zuena hakuwahi kuliwasha. Aliomba kibali cha mkuu wa kituo, akapiga picha kila upande, akakata bomba lake mbele ya shahidi. Shahidi mwenyewe alikuwa Hope, muuza chipsi wa ng'ambo ya barabara, ambaye jiko lake la mkaa liliazimwa kwa ajili ya sayansi.

"Nyie mnapika mabomba, wateja wangu wanakula nini?" Hope aliuliza.

"Dakika tano, dada. Weka kiungo cheupe upande huu, cha njano huu. Sawa sawa, mkaa uleule."

Walisimama watatu wakiangalia bomba kama watu wanaosubiri mayai yaive. Hope alipepea mkaa kwa kipepeo. Haikuchukua muda. Kiungo cheupe kilitoa jasho, kikatetemeka, kikachuruzika chini kama maziwa, matone yakaanguka kwenye kisosi. Moshi mwembamba ukapanda.

Lusungu alinusa. "Kuna msiba wapi?"

"Ubani," Hope alisema. "Kwenye chipsi zangu! Nani atanunua chipsi zinanuka maiti?"

Kiungo cha njano hakikujali. Kiligeuka cheusi, kikawa cha moto, Hope akapepea mpaka mkono ukachoka, kikakaa vilevile kimeng'ang'ania.

Raudha alifunga kisosi chenye matone kwenye mfuko, akaandika, Hope akatia saini kwa vidole vyenye mafuta. Kisha simu ikaita kutoka hospitali. Raudha alisikiliza, akashusha pumzi.

"Zuena katoka. Mkono wa kulia haujulikani kama utashika tena mwiko. Ila yuko hai."

*

Jioni, jua bado lipo, Fredrick alirudi na hotipoti nyingine. Wali na samaki. Safari hii Raudha mwenyewe alikuwa nyuma ya kaunta, na bomba lilikuwa mbele yake.

"Fredrick, nisaidie kitu kabla jalada halijaondoka. Hili bomba aliunga nani?"

"Gozbert. Si lina G hapo?"

"Kwa kitu gani?"

"Kwa brezi. Kibanda chetu hatutumii kingine, sista. Kazi ya uhakika."

"Wewe fundi. Liangalie vizuri."

Fredrick aliangalia upesi. "Brezi."

Raudha aliweka kisosi kando ya bomba. Matone meupe yalikuwa yameganda kama vifungo vya shati.

"Hii brezi yenu imeyeyuka kwenye mkaa wa chipsi. Halafu ilinukia ubani. Salumu anakusalimia, anauliza redio ya shemeji inaendeleaje."

Fredrick alikitazama kisosi. Mkono wake ulikuwa bado umeshika kishikio cha hotipoti.

"Jumamosi gesi ilikuwa wapi?"

"Kibandani."

Raudha aligeuza simu. Miwani ya jua, paa la Boko, tochi, kanga. Fredrick aliitazama picha yake mwenyewe kama ya mtu anayedai kufanana naye.

"Nilitaka kuirudisha gesi," alisema mwishowe. "Wale wa Boko walisema nikiuondoa mtungi pale kabla ya kumaliza, kazi wanampa mwingine. Nikasema risasi itashika kwa siku moja tu. Jumatatu nayaita majiko, narudia kwa brezi. Nilipima, sista. Nilipaka povu la sabuni, halikutoa hata puto moja."

"Likiwa baridi."

"Likiwa baridi."

"Na ulijua likipata moto itakuwaje. Mwalimu wako alikufundisha."

Fredrick aliisogeza hotipoti pembeni.

"Nilimwambia yule kijana wa guta, wapikie vitu vidogo vidogo tu."

"Ulimwambia?"

"Sikumwambia."

"Na muhuri?"

"Ncha yenye G yake niliikata, ilikuwa imepinda. Muhuri ulikuwa mezani. Kazi ya kibanda inatoka na G. Ningeiacha bila G, Zuena angeuliza nani kaigusa."

"Basi Zuena akaungua, sie tukaja kwako, ukaandika majiko yalitoka mkononi mwa Gozbert moja kwa moja. Hakuna guta, hakuna shimo, hakuna risasi. Mtu yuko makaburini kwao, wewe unamwandikia kesi."

"Nilijua watamuachia! Alikuwa Muleba, sista, kila mtu anajua. Ningesema kweli ningekaa mie mle ndani. Mie sina hata mtu wa kuniletea chakula!" Akaionyesha hotipoti. "Yeye nilimletea. Muulizeni. Kila siku nilimletea."

Nyuma ya nondo, hatua chache kutoka kaunta, Gozbert alikuwa amesimama muda wote, na picha ya simu ameiona. Raudha ndiye aliyesema aletwe kona ya mbele. Mahabusu wengine walikuwa wameacha kupiga stori.

"Kaka," Fredrick alisema.

Gozbert alishika nondo kwa mikono miwili. Alizungumza taratibu, kama anapima kila neno kama litashika.

"Jumamosi nilipokupigia tunamshusha mama, nilisikia upepo kwenye simu. Nikajua umetoka nje ili watu wasikuone unalia. Nikawaambia wajomba, mnamwona huyu, huyu ndiye ndugu yangu wa Dar." Akamtazama usoni. "Kumbe ulikuwa juu ya paa."

"Kaka, mie..."

"Na mpini wenye kanga ya mama ulikuwa umeushika."

Raudha alifungua jalada, akachomoa maelezo yaliyonyooka kama rula, akaweka karatasi nyeupe juu yake. "Gari la kesho litapakia mtu mwingine," alimwambia Lusungu. "Gozbert leo analala kwake. Anza kumwandikia Fredrick maelezo mapya."

Lusungu aliitikia. Kisha, kwa mazoea tu, mikono ikiwa imeshazoea njia, aliichukua hotipoti kaunta, akaisogeza hadi kwenye nondo.

Gozbert hakuipokea.

"Afande," alisema. "Hajaonja."

Kijiko cha kuonjea kilibidi kitafutwe. Walikikuta chini kabisa ya droo, nyuma ya mihuri ya kituo, kimeshika vumbi. Lusungu alikifuta kwenye mkono wa shati lake, akampa Fredrick. Fredrick alifungua hotipoti, akachota wali, akatia mdomoni. Alitafuna, akatafuna, wali ukawa haushuki, machozi yanamtoka.

Gozbert alimwangalia mpaka akameza.